Nilivyokwenda Xi'an Kumtafutia Mkwe Kasoro

Kaka yangu hakunituma China kutembea. Alinituma kuchunguza. Binti yake wa mwisho, ambaye nimemlea mimi tangu mama yake alipofariki na yeye bado hajui kujifunga vifungo vya gauni, alikuwa amemaliza masomo ya dawa huko, akapata na kazi, na sasa kuna kijana wa huko huko anataka kuleta posa. Mwislamu, tena wa ukoo wa Waislamu wa tangu zamani, ndivyo tulivyoambiwa. Kaka aliisikiliza habari hiyo kwenye baraza yake ya Chumbageni, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye shangazi. Nenda ukaone. Ukisema ndiyo, na mimi nimeshasema."

Kwetu posa haijibiwi siku inapoletwa. Lazima mtu apite kwanza kimyakimya, aulize kwa majirani, dukani, msikitini: huyu kijana ni wa nani, baba yake aliishije na watu, mama yake ana ulimi wa namna gani. Kazi hiyo huwa ya shangazi, na mimi nimeifanya kwa watoto wa ndugu na hata wa jirani. Nimewahi kuvunja posa moja pale Makorora kwa sababu ya jinsi kijana alivyomfokea muuza maji. Watu wakasema nina roho mbaya. Waache waseme.

Lakini safari hii, niseme ukweli, sikwenda kuchunguza. Nilikwenda kutafuta kasoro. Nikikubali, mtoto atabaki China, na mimi sina mwingine. Kaka ana wengine, wamejaa tele mpaka Mkwaja. Mimi Mungu hakunijaalia kuzaa, na mume wangu alishatangulia mbele ya haki. Nyumbani kwangu chumba cha yule mtoto kiko kama alivyokiacha, na chandarua nimekiacha na fundo alilolifunga mwenyewe. Kasoro moja tu ingenitosha, nirudi naye. Kaka ananijua vizuri. Siku ya kuondoka aliniambia, "Mchagua nazi hupata koroma, dada." Nikamjibu kwamba kazi yangu ni kupikia watu shughuli, na nazi nazijua kuliko yeye.

Mji wenyewe unaitwa Xi'an, mji mkongwe ambao zamani ulikuwa makao ya wafalme. Kazi ya kijana ni kutembeza wageni, familia moja moja kwa gari lake, akiwaonyesha mambo ya kale. Nilipokwisha kupumzika na safari, akasema atatuchukua siku nzima, mimi na binti yangu tu, kama anavyowachukua wageni wake wakubwa. Nikasema moyoni, vizuri sana. Mtu akiwa kazini hawezi kujificha kutwa nzima.

Asubuhi akaja, amevaa shati lililopigwa pasi, akainama kidogo.

"Shikamoo, Shangazi. Umeamkaje?"

Ilikuwa lafudhi ya Tanga kabisa, kwani aliyemfundisha ni nani? Nikaitikia marahaba huku nimekunja uso. Binti yangu akatazama pembeni asicheke.

Alianza kwa kutupeleka nje ya mji, kwa wale askari wa udongo ambao mfalme mmoja wa kale alizikwa nao. Nilikuwa nimewaona kwenye picha, lakini picha ni kitu kingine. Wamepangwa mashimoni safu kwa safu, chini ya paa kubwa kama la ghala la mkonge, na kila mmoja ana uso wake. Yupo mwenye kiburi, yupo aliyechoka, yupo mmoja anayefanana kabisa na fundi bomba wetu. Kijana alikuwa akieleza taratibu, maneno machache kwa Kiswahili na mengine kwa Kiingereza, na binti yangu akinijazia yaliyonipita.

Nikaona hapa ndipo pa kumnasa. Watembeza wageni nawajua, jibu haliwakauki. Pale Tongoni, kwenye magofu yetu, nimewahi kumsikia mmoja akimtajia mgeni jina la sultani ambaye amemtunga njiani. Kwa hiyo nikamuuliza, "Jeshi lote hili, mpishi wao yuko wapi?"

Akatazama shimoni muda mrefu, kana kwamba mpishi huenda akajitokeza.

"Sijui, Shangazi."

Akaniacha pale, akaenda kumuuliza mzee mmoja mlinzi aliyekuwa amesimama kwenye uzio wa shimo. Wakazungumza, mzee akajikuna kichwa. Kijana akarudi. "Yeye pia hajui. Anasema miaka yake yote hapa hakuna aliyemuuliza hivyo." Ingekuwa siku nyingine ningefurahi. Siku ile nilichukia, maana mwongo angenifaa zaidi.

Nikajaribu tena kwa miguu. Kijana asiye na adabu humtambui kwa maneno, unamtambua mkitembea, utamwona yuko mbele huko anakungojea huku akisonya. Nikaanza kujivuta. Yeye hakuniuliza kama nimechoka, wala hakunishika mkono kama mgonjwa. Akawa anasimama kila mara, mara aeleze mti, mara aeleze jiwe ambalo hata mtoto mdogo angejua ni jiwe tu, ili mimi nipumue bila mtu kuona kwamba napumua. Nilipogundua anachofanya nikaanza kutembea haraka kwa hasira, na goti likaniuma mpaka jioni.

Tukarudi mjini kusali Adhuhuri kwenye msikiti wa kale. Nilidhani amekosea njia, amenileta kwenye nyumba ya mfalme mwingine. Hauna kuba, na mnara wake si mnara tuliouzoea. Ni ua baada ya ua, miti, malango ya mawe, mapaa ya vigae yenye ncha zilizopinda kwenda juu. Halafu nikaona Kiarabu kimechongwa, nikakisoma mwenyewe bila kutafsiriwa, na kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye ndege nikajisikia kwamba niko mahali ninapopajua. Nilisali kwenye chumba cha wanawake. Katika sijida ya mwisho nikamwomba Mungu anionyeshe kasoro ya yule kijana. Sijui kama dua ya namna hiyo inafaa, lakini niliiomba kwa moyo wote.

Nje ya msikiti kuna vichochoro vya maduka. Kwenye duka moja akanionyesha mabakuli, mengine ya rangi ya kijani cha maji, mengine meupe yenye maua ya samawati, akasema ndivyo walivyotengeneza wazee wao. Nikamwambia hayo si mageni kwetu. Huko Tongoni wazee wetu waliyajengea kwenye nguzo za makaburi, na sasa yameng'olewa, yamebaki mashimo. Akasahau kwamba yeye ndiye mtembezaji. Makaburi ya nani? Nguzo urefu gani? Nani aliyang'oa? Nikajikuta mimi ndiye ninayeeleza, na mikono inapepea, mpaka mwenye duka akasogea kusikiliza lugha asiyoijua. Nilimpenda kidogo pale, nikajikemea.

Mama yake alitungoja kwenye mgahawa mdogo nyuma ya msikiti. Ni mwanamke wa rika langu, mjane kama mimi, mtandio mweupe, viganja vipana vya mtu aliyefanya kazi. Tukasalimiana "Asalaam alaykum", akaitikia vizuri kabisa, na baada ya hapo tukawa tumemaliza maneno yote tunayoyajua pamoja. Vijana wakaenda mbele kuagiza chakula, kulikuwa na foleni. Tukabaki wawili mezani tukitabasamu mpaka mashavu yakachoka.

Akaja mhudumu, akaweka mbele ya kila mmoja bakuli tupu, na ndani ya bakuli mkate wa mviringo, mgumu, usio na chochote. Akaondoka zake.

Nikautazama ule mkate. Mimi ni mpishi, na kwetu supu ndiyo hutangulia, mkate ukafuata, ukachovya. Lakini kila nchi na utaratibu wake, na mgeni hachagui. Nimelelewa kwamba ulichowekewa ndicho unachokula, tena ukimalize, mwenyeji asije akadhani umekidharau. Nikasema bismillahi, nikaung'ata. Ulikuwa mkavu kweli. Nikatafuna, nikashushia chai, nikang'ata tena.

Yule mama akanitazama. Mkono wake ulikuwa tayari umeushika mkate wake, vidole vimeanza kuumega kidogo kidogo sana, kama mtu anayechambua mchele. Vidole vikasimama. Kisha akaunyanyua mkate wote mdomoni, na yeye akaung'ata. Tukala hivyo, uso kwa uso, bila haraka, tukitikisa vichwa kuonyesha kwamba ni mtamu. Yeye alikuwa akitafuna upande mmoja, na mara moja nikaona macho yake yamejaa maji, nikadhani labda ni mwepesi wa kumkumbuka marehemu wake wakati wa chakula. Watu wako hivyo.

Vijana waliporudi walikuta mabakuli matupu. Kijana akaangalia la mama yake, akaangalia langu, akafungua mdomo. Mama yake akamkata jicho, jicho ambalo halihitaji mkalimani, nalijua kwa sababu na mimi ninalo. Akafunga mdomo. Lakini binti yangu hakupewa jicho.

"Shangazi! Mkate mmeula?"

"Sasa ulitaka tuutazame?"

Ndipo aliponieleza. Mkate ule hauliwi hivyo. Unaumega kwa mikono yako vipande vidogo kabisa, unajaza bakuli, bakuli linarudishwa jikoni, mpishi analipikia supu ya kondoo, ndipo linaletwa uanze kula. Hakuna mtu wa mji ule anayeung'ata mkavu, hata mtoto. Nikamtazama yule mama. Alikuwa ameinamisha uso, anafuta makombo mezani kwa kiganja.

"Na yeye mbona kaula?"

Binti yangu akasita kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Kakuona wewe unakula. Na meno yake ni mabovu, Shangazi, upande wote wa kushoto. Vitu vigumu hawezi."

Sikujua niuweke wapi uso wangu. Nimepika shughuli tangu nikiwa msichana, nimeona wenyeji wa kila aina, wanaojionyesha na wanaonuna, na nimekuwa nikijisifu kwamba hakuna wa kunifundisha kumsitiri mgeni. Huyu mwanamke sikumjua asubuhi ile, wala hakujua nimemjia mwanawe kwa nia gani. Hakutaka nionekane mshamba peke yangu. Nililia pale pale mezani na sikuficha, na kijana akanisogezea karatasi za kufutia mikono bila kuuliza kitu.

Ikaletwa mikate mingine. Yule mama akavuta bakuli langu kando ya lake, akaanza kumega ya wote wawili. Nikamnyang'anya mmoja nikamega na mimi, akaviangalia vipande vyangu, akatikisa kichwa kwamba ni vikubwa mno, akavimega upya. Supu ilipokuja ilikuwa tamu, lakini ingekubali chumvi zaidi kidogo na ndimu.

Alasiri tukapanda ukuta wa mji. Ni mpana, magari mawili yangepishana juu yake, na unazunguka mji wa zamani wote. Watu wanauzunguka kwa baiskeli. Kijana alianza kueleza nani aliujenga na alimwogopa nani, kisha akaona simsikilizi, akasema anakwenda kutununulia maji. Nikabaki na binti yangu tumekaa kwenye jiwe. Chini upande mmoja kuna majengo marefu ya leo, upande mwingine mapaa ya kale, na yeye alikuwa akinionyesha mtaa anaofanyia kazi, duka anakonunua mboga, mahali ambapo viatu vinashonwa. Alikuwa anataja kila kitu kama mtu anayetaja vitu vya kwao. Kwetu husema Tanga waja leo, kuondoka majaaliwa. Nikaona kumbe kuna miji mingine ya namna hiyo.

Alikuwa hajaniuliza chochote tangu asubuhi. Sasa mikono yake ilikuwa imeshikana magotini, vidole vinabinyana.

"Mpigie baba yako simu," nikamwambia.

Akapiga, akaweka sauti ya nje, maana masikio yangu ya simu si mazuri. Kwetu Tanga ilikuwa ndiyo kwanza kaka ametoka kusali. Tukaulizana hali na afya za wote, haikupungua salamu hata moja. Kisha akauliza, "Enhe. Umeona nini?"

"Nimeona ukuta. Nimeona askari wa udongo."

"Dada."

"Nimeona mama yake," nikasema. "Waambie wazee wangoje posa. Ni ndiyo."

Binti yangu akaniegemea begani, akawa anatetemeka, sijui anacheka au analia. Kaka akamshukuru Mungu, akamshukuru tena, akasema ataanza kuwaarifu ndugu leo leo. Nilidhani amemaliza. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kwenye simu niikate.

"Na wewe sasa utabaki na nani?"

Nikamjibu kwamba Tanga ina watu wengi, sitakosa wa kugombana naye. Kaka akacheka mpaka akakohoa. Mtoto wangu hakucheka.