Kinywaji Kilichongoja Amina

Kwetu Kajiado hakuna aliyegusa kikombe kabla Mama hajasema Amina, na Mama hakuwa mtu wa maombi mafupi. Chai ilipoa tukiwa tumefumba macho, naye akituombea mmoja mmoja pamoja na kazi zetu: kaka mwalimu, dada mwenye duka la dawa za mifugo. Akinifikia mimi, kitinda mimba, alisema, "Na huyu mwingine, Bwana, unajua mahali ako." Kisha Amina. Ningekuwa mwizi wa ng'ombe, nadhani angenitaja vizuri zaidi.

Mahali penyewe ni nyuma ya kaunta ya baa, Kitengela, ninakochanganya vinywaji. Kile kilichonipa sifa nilikiita Kibuyu: ukwaju, asali, tangawizi na pombe ya jini, ndani ya glasi niliyoifunika kwanza juu ya kijinga cha mutamaiyu, mzeituni wa porini, mpaka ikashika moshi. Ujanja huo niliutoa kwa Mama, ambaye majirani zetu Wamaasai walimfundisha kufukiza vibuyu vya maziwa. Baa za Nairobi zikaniiga, vijana wakaja kujifunza kwangu, nami nikavimba kichwa. Hata hivyo, sifa zote hizo ningezitoa ili nisikie sala moja tu ikitaja kazi yangu.

Kisha Mama akaugua saratani, chakula kikamshinda. Alasiri moja nilikuwa nimeketi kando ya kitanda chake, akaniambia, "Hiyo kitu yako watu wanasifu, niletee nionje. Lakini usiweke pombe. Mimi nimeokoka."

Nilicheka, nikaenda jikoni, nikalia huko huko nikipuliza kijinga.

Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akanusa. "Moshi imekaa vizuri," akasema, akafumba macho. Nami nikafumba. Akamwombea kaka na wanafunzi wake, akamwombea dada na duka lake. Sauti ilikuwa ikififia. "Na huyu wangu wa kutengeneza vinywaji, Bwana, naomba..."

Nikangoja. Nilipofumbua macho, usingizi ulikuwa umemchukua na kikombe kimeanza kuinama. Nilikitoa mikononi mwake taratibu. Sikumwamsha, kwa kuwa usingizi ulikuwa umeadimika kwake, na nilijiambia atamalizia akiamka. Aliamka, lakini hakusema neno tena, na kabla ya Jumapili tulikuwa tumempoteza.

Watu wa kanisa huniambia alikuwa akinibariki. Wamejuaje? Pengine alikuwa akiomba nitolewe baa. Ningekubali hata hilo, mradi nilisikie hadi mwisho. Inaniuma, na hainiumi kidogo.

Kibuyu bado nakiuza, na ndicho kinachoagizwa zaidi. Wateja hupokea glasi na kunywa papo hapo, na kila mara nusura niwazuie. Mimi mwenyewe sijakionja tangu siku ile. Hakijaombewa.