Kitundu Kimoja cha Kofia

Wanaosema nilichanganyikiwa kwa sababu ya mimba waje wamwone mwanangu. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, saa saba mchana, jua likiwaka.

Ilikuwa miaka ya uasi, mji wetu bado ukiitwa Stanleyville. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, nikifanya usafi kwa mzungu mmoja aliyekusanya kazi ndogo ndogo za mikono ya wanawake. Kabati lake la vioo alilirithi kwa mababu: maua yaliyosukwa kwa nywele za watu, lesi nyembamba, vikapu vidogo vya kukaa juu ya ukucha. Yeye aliongeza vya kwetu. Siku hiyo nikaona humo kofia ya mtoto mchanga, ya vitundu, kama tunazoshona sisi Waislamu. Kitundu kimoja kilikuwa na alama ya penseli tu, hakijazungushiwa uzi.

Sisi washona kofia tunajua: mtoto akifia tumboni, kofia yake haimalizwi. Nilijua, niamini! Lakini nikajiambia, mila zetu zinatafuta nini kwenye kabati la mzungu? Mkono ukaniwasha. Nikatoa sindano yangu, nikakimaliza.

Kugeuka, mwanamke amesimama mlangoni. Na mlango nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo! Uso umemkauka kwa hasira.

“Ni weye ulimaliza kazi yangu?”

“Mama, unisamehe. Sikukuwa na ubaya.”

“Mutoto yangu alikufa, njo maana niliiacha. Sasa kofia inataka kichwa.” Akanyoosha kidole kwenye tumbo langu. “Ile ya ndani iko ya nani?”

Hapo hapo mtoto akaacha kucheza. Unajua maana yake kwa mwenye mimba? Niliogopa hadi shahada ikanipotea. Nikaukata ule uzi kwa meno, nikaufumua wote.

“Umechelewa kidogo,” akasema, akicheka kwa dharau. Kisha hakuwepo. Mtoto akapiga teke, nikakaa chini nikalia.

Alizaliwa hai, alhamdulillahi, na leo ni baba wa watoto. Lakini kofia yoyote ikimgusa kichwani, damu inamtoka puani. Kila Idi anaswali kichwa wazi, watu wakinong'ona, na mimi mshona kofia sijamvisha mwanangu hata moja. Basi wewe ukikuta kazi ya mwanamke imeachwa hivyo, hata ndani ya vioo vya mzungu, usijitie ufundi. Iache.