Lipu Isiyotaka Kukaa Ukutani

Katika chuo cha ufundi nilikojifunza uashi, nje kidogo ya Malindi, ukuta wangu ulijulikana kwa ukaidi. Kila nikiutia lipu, lipu ilikaa kidogo kama mgeni aliyepita kusalimia tu, kisha ikateremka yote miguuni pangu.

Kama hujawahi kupiga lipu, nikueleze. Ule mchanganyiko wa saruji na mchanga haupakwi, hurushwa. Unauchota kwa mwiko, unazungusha kifundo cha mkono, unaupiga ukutani kwa kishindo ili ushike. Haya yote niliyajua. Mtihani wa kuandika niliwashinda wenzangu. Lakini mkono wangu uliogopa, ukawa unapaka taratibu kama samli juu ya chapati.

"Jumatatu ni mtihani wa mikono," mwalimu aliniambia. "Ikianguka tena, unarudia mwaka mzima."

Mwanafunzi mwenzangu, dada wa kutoka kijiji cha Adu, alinihurumia. "Kaka, nyinyi watu wa Mambrui mmezaliwa ndani ya nyumba za mawe, udongo mtaujulia wapi? Jumamosi njoo kwetu. Mama anakandika jiko."

Kukandika ni kujaza udongo kwenye fito za ukuta, nako hufanywa na watu wawili: mmoja ndani, mmoja nje, wakirusha madonge mahali pamoja hadi yakutane katikati. Jumamosi nilifika kwao, nikamwamkia mama shikamoo, akaitikia marahaba, akaingia ndani. Nikarusha donge langu la kwanza. Likagusa ufito, likaanguka.

"Huyo anarusha au anaweka?" mama aliuliza kutoka ndani.

"Anaweka, mama," binti yake alijibu kando yangu.

Nikaona haya. La pili nikalirusha kwa nguvu zangu zote, likapenya katikati ya fito. Kisha mama akatokea mlangoni, leso ya kichwani imejaa udongo hadi kwenye nyusi.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "ukuta ndio huu. Huyu ni mimi."

Binti yake alikuwa ameketi chini, hawezi kusimama kwa kicheko. Mama akajipangusa, akarudi ndani. "Haya. Rusha lifike kwenye fito, lisifike kwangu."

Hadi adhuhuri nilikuwa nimempata mara tatu zaidi, kila mara kwa donge dogo kuliko la mwanzo. Kifundo changu kikaanza kujua kipimo.

Jumatatu nikarusha lipu, ikashika. Nikaujaza ukuta wote, nikaunyoosha kwa ubao. Mwalimu akavuta kiti, akaketi akisubiri ianguke. Akanywa chai yake yote. Akasahihisha madaftari. Haikuanguka.

Akainuka, akaweka jicho ubavuni mwa ukuta.

"Ina mawimbi."

"Ndiyo, mwalimu."

"Mtu akiutazama sana atapata kichefuchefu."

"Ndiyo, mwalimu."

Akaandika kwenye fomu, nikachungulia: amefaulu.

"Kunyoosha," alisema, "tutaanza kesho saa moja. Uje na subira, mimi yangu imekwisha."