Bei ya Kunyamaza

Kusema kweli, mkunga mstaafu hakuligonga lile gari jeupe nje ya duka la dawa; aligusana nalo tu. Alikuwa akirudisha gari lake nyuma kwa mwendo wake ule uliowafanya wajukuu wamwite Bibi Kobe, akasikia "ka!" Bampa la mwenzake lilikwaruzika upana wa kiganja.

Mwenye gari alishuka na sura ya mtu aliyefiwa. Mkunga, aliyezalisha nusu ya mtaa bila kubabaika, alibabaika. Hata hivyo alikumbuka kupiga picha kwa simu yake.

"Samahani sana, baba," alisema, kisha ulimi ukamponyoka: "Nakuomba, mwanangu asijue."

Yule bwana alikuwa ameanza kuulizia bima. Akaghairi. "Basi tumalizane wenyewe, mama. Ya nini kusumbuana?"

Wakapeana namba za simu, na jioni yule bwana akapiga kutaja anachotaka. Ungedhani bampa lile ni la dhahabu. Mkunga akaomba kwanza makadirio ya fundi.

"Fundi wa nini tena, mama? Au nimtafute huyo mwanao?"

Hapo ndipo mkunga alipokaa kitako kufikiri. Fedha ya akiba ilikuwepo, kulipa angelipa. Lakini tangu mumewe afariki na kumwachia gari, amejifunza kuendesha uzeeni, watu wakimcheka, ili aweze kwenda kumwona dada yake aliye kitandani ng'ambo ya mji. Zamani alikuwa akingoja mwanawe huyo, kifungua mimba wake, ampeleke. "Nikipata nafasi, mama," na nafasi haipatikani. Si kwamba mwana ni mbaya. Anampenda mama yake mno, kwa mapenzi yale ya kutaka mtu akae kochini asiguse kitu. Alishamwonya: mkwaruzo mmoja tu, funguo nachukua.

Mkunga alijikasirikia. Bei ile haikuwa ya bampa, ilikuwa ya kunyamaza, na ni yeye mwenyewe aliyempa mtu asiyemjua siri ya kumbana nayo. Akilipa leo, mwezi ujao ataambiwa rangi imebabuka, na mwezi utakaofuata mlango haufungi.

Alimwandikia: "Kesho naripoti bima, picha ninazo. Mwanangu namwambia mwenyewe sasa hivi." Kisha akampigia mwanawe kabla moyo haujageuka.

Mwana alifika mbio. Alimkagua mama kwanza, akaona mzima, ndipo akasikiliza akiwa amesimama kando ya meza. Mama hakuficha kitu, hata pale alipombembeleza mtu baki.

"Yaani ulikuwa tayari kuibiwa, mama, kuliko kuniambia mimi?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yeye angechukua fedha tu. Wewe ungenirudisha kungoja nafasi yako. Nilikuogopa wewe kuliko yeye, mwanangu."

 Neno hilo lilimchoma mwana, na mama aliona lilivyomchoma, akamwonea huruma, ila hakulirudisha. Alikuwa anautazama mkono wa mwanawe. Funguo za gari zilikuwa zimeshafumbatwa humo. Mwana alikuwa amezichukua mezani wakati mama bado anaeleza, labda bila hata kujijua.

Mwana naye sasa akauona mkono wake mwenyewe. Alizirudisha funguo mezani. Ilimchukua muda.