Mpira wa Pampu ya Mwalimu

Jirani yangu tunamwita Fundi Pumzi. Jina hilo halimkeri, ingawa mwenyewe ni mwepesi wa kukereka. Kazi yake ni kutengeneza vifaa vya kifua vya zamani: birika za mvuke zenye shingo ndefu, majagi ya kauri ya kujifukizia, na zile pampu za pumu zenye kichupa cha kioo na puto la mpira. Unaminya puto, dawa inatoka kama ukungu, unaivuta kwa mdomo. Hospitali zilishaachana navyo zamani. Mimi nashona nguo mlango wa pili, na nimeshamwambia mara nyingi, "Kaka, hii si kazi, ni ukaidi." Hunipa kisogo tu.

Mkewe alifariki, watoto wakatawanyika, simu zao zikawa za kubahatisha. Akabaki na mteja mmoja, mwalimu mstaafu, mjane, aliyekuja kila mpira wa pampu yake ulipopasuka. Akimwona anavuka barabara, Fundi alivua aproni mbio mbio na kufuta kiti kisicho na hata chembe ya vumbi. Gundi ya mpira hukauka upesi, lakini ya siku hizo haikukauka mpaka jioni. Niliwasikia wakicheka, nami nikafurahi, maana siku nyingine zote nilisikia redio yake tu.

Juzi mwalimu alikuja na mwanawe, gari likinguruma nje.

"Fundi, mpira umepasuka tena," akasema.

Mwanawe akacheka. "Mama naye! Mzee, usijisumbue. Ana dawa ya kisasa miaka yote hii, hilo dude hata haligusi. Na leo namhamishia kwangu, mbali huko."

Mwalimu akainamisha macho. Fundi akaipokea pampu kwa mikono miwili.

"Nitaitengeneza," akasema. "Utaifuata?"

"Nitaifuata," akajibu mwalimu. Mwanawe akamshika mkono, wakaondoka.

Jioni nilimpelekea chai. Ule mpira ulikuwa mezani, mpasuko wake umenyooka. Mimi ni mshonaji, ninajua kitu kilichokatwa.

"Kaka, huu umekatwa kwa wembe."

"Najua. Yote ilikatwa hivyo."

"Ukanyamaza miaka yote?"

"Ningesema angeona haya. Asingerudi."

"Si ungemwambia tu aje bila pampu!" Nilimfokea, nisiseme uongo. Iliniuma mno: watu wazima wawili, wapweke, wanakutanishwa na kipande cha mpira.

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa jambo ambalo halijawahi kumpitia kichwani.

"Hivi," akauliza polepole, "angekuja?"

Nilijua jibu. Lakini mwalimu alishaondoka, na hakuna kati yetu aliyeuliza ni wapi anakokwenda. Nikammiminia chai.