Ukuta wa Bibi Umeishia Jiwe la Tano

Mwanangu, iko siku moja ambayo huikumbuka hata ninapokuwa nimekaa zangu, sitaki kukumbuka chochote. Nitakusimulia, kwa sababu juzi tulipokuwa tunamwagilia mchicha uliniuliza swali nililokuwa nikilingoja tangu uanze kusoma. Mbona babu ana kaburi lenye msalaba na jina lake, na baba yako, kaka yangu, hana? Kisha ukanyoosha kidole kwenye ule mwinuko mdogo wa udongo pembeni mwa babu, ukasema, "Na pale, shangazi, amelala nani?" Nikajifanya sijasikia. Nikasema mchicha umekauka.

Nasaha ni kazi ya wazee, na mimi mvi sina. Nina digrii ya kemia, wanafunzi wachache wa tuisheni hapa Katubuka, na tabia ya kuhoji kila kitu, ambayo walimu wangu waliisifu na ndugu zangu waliivumilia. Lakini mzee wa nyumba yetu amebaki mmoja, bibi yako, na jambo hili yeye hawezi kulisema. Basi nimekalia kigoda kisicho changu. Nivumilie.

Unajua kwamba bibi akimaliza sala ya jioni huhesabu ukuta. Ni ukuta wa ule mji wa mbinguni katika Maandiko, uliojengwa juu ya misingi kumi na miwili ya vito vya thamani. Wengine wetu tuliikariri orodha ile shule ya Jumapili tukaisahau. Yeye aliwagawia wafu wake. Kila aliyetangulia alipewa jiwe kwa zamu ya kuondoka kwake. Yaspi ni mtoto wake wa kwanza, aliyekufa kabla hajapewa jina. Yakuti samawi ni mama yake mzazi. Kalkedoni ni mdogo wangu aliyechukuliwa na surua. Zumaridi ni babu yako. Sardoniki ni dada yake bibi, yule wa Kasulu. Hajawahi kuliona hata moja kati ya mawe hayo. Lakini zamani akiyataja, uso wake ulikuwa wa mama anayepita chumba hadi chumba akihakikisha watoto wamefunikwa.

Nilipokuwa chuo, ukuta ule ulinichekesha. Nilikuja likizo nikaanza kuwafundisha mezani. Yakuti, niliwaambia, ni alumini na oksijeni basi, alumini hiihii ya sufuria. Zumaridi ina berili na silikoni, na ukijani wake ni uchafu wa kromi. Yaspi, kalkedoni, sardoniki, akiki, amethisto, hayo yote ni kitu kimoja kilichovalishwa nguo tofauti: silikoni na oksijeni, yaani mchanga wa pale Bangwe unaokanyagwa na wauza dagaa. Baba yako alicheka mpaka akaweka tonge chini. "Kumbe mama anapikia kipande cha ukuta wa mbinguni," akasema, "ndiyo maana ugali wake hauungui." Bibi naye akacheka. Ulikuwa utani tu, kwa sababu siku ile hakuna aliyekuwa na haja na ukuta.

Kisha ziwa likamchukua baba yako.

Alikuwa anarudi kutoka upande wa Kongo na marobota ya vitenge. Upepo ukaipiga boti usiku, ikapinduka. Wenzake waliokotwa, wengine wazima, wengine maiti. Yeye hakuonekana. Tulikaa ufukweni Bangwe tukitazama maji, na wewe ukiwa mgongoni kwa mama yako, umelala, mpaka ikafika siku ambayo watu hawakutuambia tena tusubiri. Ziwa letu ni refu, mwanangu, na kina chake hukijui hata ukikisoma. Asiyerudishwa na ziwa hili hana wa kumdai.

Kilichomtesa bibi hakikuwa kifo tu. Kifo alikuwa anakifahamu, wamekaa nyumba moja miaka mingi. Kilichomtesa ni kukosa cha kuzika. Wazee wa ukoo wakasema tuzike mgomba, kama ilivyofanywa zamani kwa waliopotea majini na maporini. Bibi akakataa, akasema mwanawe hakuwa ndizi. Alitaka jiwe. Zamu ilikuwa imefika jiwe la sita, akiki, na alitaka akiki iende ardhini pembeni mwa babu, ili mwanawe awe na mahali chini na mahali juu. Mchungaji alifikiri kidogo, akasema haoni dhambi. Ila akiki utaipata wapi Kigoma?

Aliyeileta ni Mzee Maulidi wa Ujiji, fundi wa maboti. Alikuwa Mwislamu, rafiki wa babu yako tangu ujana, na boti iliyopinduka ilikuwa imetoka mikononi mwake. Hakuna aliyemlaumu, upepo ni upepo. Lakini kila siku ya matanga alikuja, akamsalimu bibi kwa Kiha, akakaa karibu na mlango kama mtu anayesubiri kuitwa. Siku hiyo aliomba sabuni na maji. Akaisugua pete iliyokuwa kidoleni mwake, pete ya fedha yenye jiwe jekundu, mpaka ikatoka. Aliachiwa na baba yake, na hakuwahi kuivua hata akichonga mbao. Akaitoa kwa mikono miwili.

"Watu husema vyaelea vimeundwa," akasema. "Na vilivyozama, mama, navyo viliundwa. Ichukue hii akiki umzike nayo mtoto wetu."

Bibi aliipokea, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake, na mchana ule akalala usingizi kwa mara ya kwanza. Vijana wakapanda shambani kuchimba kaburi, dogo kama la mtoto. Jirani mmoja, mtani wetu, akawasihi wasichimbe sana, maana marehemu alikuwa mvivu wa kupanda vilima, siku ya kiama atachelewa. Watu walicheka, na kicheko kile kilikuwa cha watu wanaoanza kupona. Nilikisikia. Nataka ujue kwamba nilikisikia.

Bibi alipoamka alinipa pete niisafishe. Nikatoka nayo juani.

Usidhani nilikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na hasira. Kila aliyeingia pale alikuwa na neno la kufariji ambalo hakuwa na ushahidi nalo: yupo mahali pema, ameitwa, anatuona. Nilitaka kitu kimoja katika msiba ule kiwe cha kweli. Kama jiwe linakwenda kulala mahali pa kaka yangu, basi angalau liwe jiwe. Nikaliinua kwenye mwanga, nikaona viputo viwili vya hewa ndani yake. Akiki haina viputo vya namna ile. Nikachukua tupa ya kunolea majembe, nikalisugua ukingoni. Akiki ni ngumu kuliko tupa. Hili likachubuka.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumwita Mzee Maulidi pembeni. Niliingia ndani, watu wamejaa, nikasema, "Mama, hii si akiki. Ni chupa."

Mzee Maulidi alisema taratibu kwamba ni akiki, aliachiwa na baba yake. Nikamwonyesha mchubuko. Aliutazama, kisha akatazama kidole chake, mahali ambapo pete ilikuwa imeacha mstari mweupe kwenye ngozi. Bibi alichukua pete kutoka mkononi mwangu akamrudishia.

"Siwezi kumweka mwanangu ukutani kwa chupa," akasema. Akajifunika kitenge uso mzima.

Sasa sikiliza sehemu ambayo sijamwambia mtu. Siku ile nilijua mambo mawili, na yote mawili yalikuwa kweli. La kwanza, kwamba lile jiwe ni chupa. La pili, kwamba chupa ni mchanga ulioyeyushwa: silikoni na oksijeni, pamoja na magadi na chokaa kidogo. Asili yake ni ileile ya akiki. Tofauti kubwa ni kwamba ndani ya akiki chembe zimejipanga kwa utaratibu, na ndani ya chupa zimesimama ovyo, kama watu waliokutwa na habari mbaya njiani. Ningeweza kusema, mama, hii ni chupa, na chupa na akiki ni ndugu, zote zimetoka mchangani, zika. Nilikuwa nayo mdomoni elimu hiyo, ileile niliyoifanyia utani mezani. Sikuitoa. Nimejiuliza kwa nini mpaka nimechoka, na mimi ni mtu ambaye hachoki kuuliza.

Jioni vijana waliniuliza wafanye nini na shimo. Kwetu kaburi likishachimbwa halilali wazi, litaita mwingine. Bibi hakutaka kusikia. Basi wakakata mgomba, wakautia, wakafukia bila wimbo. Huyo ndiye aliyelala pale, mwanangu. Baba yako hayupo pale. Ni mgomba uliooza zamani, na hakuna aliyeuombea.

Mzee Maulidi alipokuwa anaondoka nilimfuata njiani. Sikwenda kumwomba radhi, nilikwenda kujitetea. Nikamwambia, "Mzee, nilisema kweli."

"Umesema kweli, binti yangu," akajibu. "Lakini msibani mtu haji mikono mitupu. Hata maskini huja na kuni. Ukweli wako umekuja mikono mitupu."

Akashuka kuelekea Ujiji. Sikuiona tena ile pete kidoleni mwake. Alipofariki nilikwenda kwao na mchele na sukari, mikono imejaa, nikakuta niliyetaka kumpa hayupo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimewaza kwamba hata ukweli ni mgeni, na kuna nyumba ambazo huondoka ukiwaacha wenyeji wagonjwa kuliko ulivyowakuta. Miaka ilipopita nilijaribu kutengeneza nilichoharibu. Jioni moja bibi alikuwa anahesabu ukuta, akafika sardoniki, akanyamaza. Nikasema kwa sauti ndogo, "Akiki." Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari yote ya mchanga na chupa. Hakugeuka.

"Hilo ulishalipima," akasema. Kisha akasema amina.

Umemsikia, jioni zote, akifika la tano na kusimama. Wewe ulidhani amesahau. Hajasahau.

Basi nasaha yangu ni hii, ingawa sijui kama inamfaa mtu yeyote. Uliza, mwanangu. Kuuliza si ujinga, na sitakuwa mimi wa kukukataza. Pima kila jiwe ukipenda. Lakini kabla hujamwambia mtu kwamba alichoshika ni chupa, tazama kwanza ameshika kwa ajili ya nini, na wewe una nini cha kumpa mkono wake ukibaki mtupu. Kama huna, kaa chini na waliokaa. Na kama una kweli mbili, usitoe ile inayokupendeza wewe ukaificha inayomfaa mwenzako. Maji yakishamwagika hayazoleki. Mimi nimezoa mpaka kucha zimekwisha.

Leo jioni atakapofika sardoniki, usimwulize, wala usimsaidie. Kaa naye katika kimya kile mpaka aseme amina. Ndicho kaburi pekee alilo nalo baba yako.

Kubariki sijui, maana sijui namtaja nani. Lakini mikono yangu naiweka kichwani kwako kama bibi alivyoweka yake kichwani kwa baba yako. Maji yakupishe. Swali lako lisikufikishe liliponifikisha langu. Na siku utakayobeba ukweli kwenda kwa mtu aliyefiwa, usikose hata mzigo wa kuni.