Muguu Wenye Kila Muntu Alitaka Kuona

Bibi yangu, yule mwenye nilioa, alijikata na jembe katika shamba ya maharagi, chini kidogo ya goti, pale mufupa iko karibu na ngozi. Mimi sikuwa pale. Nilikuwa ninalala kambini kwa muzungu mumoja mwenye kulima maua ya pareto, upande wa Kitshanga, na nyumbani Kalembe nilifika siku moja moja tu. Siku nilifika, alikuwa ameweka majani ya kusaga juu ya kidonda, akaniambia ni kitu kidogo. Alikuwa muntu wa kusema kila kitu ni kitu kidogo. Hata mimba yake ya kwanza alinipashia hivyo, lakini hiyo ni habari ingine, tuiache.

Kisha mwezi moja kidonda kilikuwa kikubwa kama kifuniko cha kopo, na kilinuka. Nikatafuta wanaume watatu, na mimi wa ine, tukamubeba katika kipoyi, kile kitanda cha miti cha kubeba mabegani, mpaka dispansere, ile nyumba ndogo ya dawa upande wa Kashuga.

Munganga wa pale alikuwa muntu mweusi kama sisi, lakini wa mbali, mwenye soksi nyeupe mpaka magoti. Hakupenda michezo. Mikono yake aliinawa mpaka kwenye viwiko, sisi tukingoja. Halafu alimwanga maji ya rangi ya zambarau juu ya kidonda, akaketi. Akaketi kweli. Nilifikiri amesahau. Kumbe alikuwa anangoja majani na usaha vilowe, vijiachie vyenyewe, maana yeye hakuvuta kitu hata kimoja. Asubuhi yote ilipita hivyo. Mwishoni akaweka kitambaa chenye mafuta, juu yake bande, akaizungusha kuanza kwenye vidole vya muguu kupanda juu, kila muzunguko ukifunika nusu ya ule wa chini. Zile bande zilikuwa zimefuliwa na kuchemushwa mara nyingi mpaka zikawa na rangi ya chai. Mimi nilisoma miaka miwili tu kwa katekista, na sikuwahi kuona mwanaume anashika kitu chenye kunuka kwa upole namna ile.

Akasema turudi kila juma, na katikati ya juma muntu asifungue. Hata ikiwasha, hata ikinuka, tusifungue. Tukasema ndiyo. Kusema ndiyo iko rahisi.

Juma la ine aliniita karibu. Pembeni ya kidonda kulikuwa kumetoka ngozi mupya, ya kung'aa.

"Papa, unaona hii? Ni kama ile ngozi inakaa juu ya maziwa yenye kupoa. Ukiivuta, inatoka yote. Hii njo itamuponesha bibi yako, si mimi."

Nilifurahi. Nilirudi kwa pareto nikawaambia wenzangu kwamba bibi atakuwa shambani mbele ya mvua kubwa.

Sasa niseme desturi yetu, maana bila hiyo hautasikia kitu. Kwetu, muntu akikuja kuona mugonjwa, anapashwa kuona ugonjwa wenyewe. Kama ni kidonda, munafungua. Ukikataa, umemwambia kwamba macho yake iko mabaya, ao kwamba kuna kitu unaficha. Kaka wa bibi yangu, muwindaji wa huko Walikale, alitembea siku mbili katika pori na nyama ya kukauka mugongoni, akatukuta mimi na dada yake nyumbani. Alikula. Alisifu ugali. Alinichekelea kwamba pareto imenifanya ninuke kama dawa ya viroboto. Halafu akanawa mikono, akasema:

"Shemeji, nionyeshe muguu."

Nikamuelezea habari ya munganga na ngozi ya maziwa. Alisikiliza muzuri.

"Niende kumwambia mama kwamba niliona kitambaa?"

Na hapa nitasema ukweli, maana nimezeeka na hakuna wa kunifunga. Mwaka wa nyuma nilikuwa nimemupiga bibi yangu na fimbo. Mara moja, lakini kwao wote walijua. Kwa hiyo shemeji hakutaka kuona kidonda tu, alitaka kuona kama ni jembe kweli. Na mimi ningemukataza kwa uso gani?

Nikafungua. Kitambaa kilikuwa kimekauka juu ya nyama. Nikaweka maji kidogo, lakini shemeji alikuwa anangoja, na mimi nilikosa ile subira ya munganga. Nikavuta. Bibi yangu alishika mukeka na mikono mbili. Ngozi ikatoka na kitambaa, na damu. Shemeji akainama, akaangalia kwa karibu, akapima na kidole bila kugusa.

"Ni jembe," akasema, na tukapumua wote, hata bibi.

Sasa kama kaka ameona, shangazi zake wawili wangekosa namna gani? Walikuja, mumoja kisha mwengine. Niliwafungulia. Siku tulirudi kwa munganga, aliangalia bande muda murefu, akauliza ni nani aliifunga hivyo. Nikasema ni mimi. Hakunitukana. Ningependa anitukane. Alianza tena na maji yake ya zambarau, na akaniambia kwamba ikifika mufupa, kazi itakuwa ya kisu na si yake tena.

Ngozi ikarudi, polepole zaidi. Na shemeji akarudi, mara hii na mujomba wao, muzee mwenye hakuwa ameona. Nilisimama katika mulango. Nikasema hapana, leo haifunguliwi. Nilijiona muntu mwenye akili siku ile. Bibi yangu kutoka ndani akaniambia kwa sauti ya chini:

"Wafungulie, waende. Nimezoea."

Mimi nikakataa. Muzee alirudisha ndani ya kikapu kuku mwenye alikuwa ametuletea. Ni shemeji njo alisema kwamba kama hawawezi kumuona kwangu, watamuona kwao. Kesho yake walimubeba wakaenda naye porini. Bibi hakuulizwa na wao, na kusema kweli, hakuulizwa na mimi pia.

Singeweza kufuata. Kadi yangu, yenye kila siku ya kazi inatiwa alama, ilikuwa haijajaa, na kapita, musimamizi wetu, alisema nikiondoka nitatafutwa na askari. Nikachuma maua ya pareto siku kumi na saba. Yale maua iko mepesi, kikapu hakijai, hata uchume namna gani.

Nilipofika kwao nilikuta bande juu ya fensi, imefuliwa safi, inakauka. Muguu ulikuwa wazi, na kila mwenye kupita njiani aliingia kuona. Mufupa ulionekana. Shemeji, yule mwenye aliweza kupasua nguruwe wa pori akiimba, alikuwa anaangalia pembeni.

"Shemeji, tufanye nini?" akaniuliza.

Kuniuliza mimi.

Tulimubeba sisi wawili na majirani, tukibadilishana mabega, mpaka hospitali kubwa. Hatukugombana njiani. Tulisemezana juu ya matope tu, na pa kuvuka muto. Dokta akamukata muguu juu ya goti. Kile kisiki kilifungwa vizuri, na pale hakuna ndugu mwenye aliruhusiwa kufungua, wala mimi. Kilipona bila shida. Miezi mbili tu.

Siku ya tatu kisha kukatwa, bibi aliniuliza ule muguu waliuzika wapi. Nikatoka kuuliza. Mufagiaji wa hospitali alinyoosha mukono nyuma ya jiko, akauzungusha tu, hapa, pale, akaendelea kufagia. Nilienda nyuma. Kulikuwa shimo kubwa lenye majivu, na kando udongo wa zamani na udongo wa juzi, yote imechanganyika. Nilisimama pale na kofia mukononi.

Nikarudi nikamwambia iko chini ya ule mukaratusi mukubwa wa karibu na njia, mahali pazuri, wamefukia sana.

"Uliona?" akauliza.

"Niliona."

Akasema ni vizuri, akageuka kulala. Na kila mara tulipita ile hospitali, yeye na fimbo zake mbili, alisimama akauangalia ule mukaratusi kidogo, na mimi nilisimama naye.